Kampuni Ikidhuru Watu, Nani Alipe?

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba uliowapa Wajerumani usimamizi wa pwani ya Mrima. Aliyekabidhiwa pwani hakuwa Kaiser wala serikali yake. Ilikuwa kampuni ya biashara, Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki, yenye wanahisa na daftari la faida na hasara kama duka lolote kubwa. Ilipewa ushuru wa forodha, ilipewa mamlaka juu ya ardhi, ilipewa hata uwezo wa kuhukumu watu. Septemba ya mwaka uleule, Malkia Victoria akaipa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki hati ya kutawala upande wa Mombasa. Kwa hiyo mtu wa Pangani au wa Malindi aliyedhulumiwa na karani wa kampuni alitakiwa akashtaki kwa kampuni hiyohiyo.

Upande wa Mrima mambo yaliharibika upesi. Agosti 1888 maofisa wa kampuni walifika Pangani wakitaka bendera yao ipandishwe, na wenyeji wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na Kilwa maofisa wawili wa kampuni wakauawa. Ndani ya wiki chache kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Bismarck, kansela wa Ujerumani, akamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa palepale Pangani.

Historia za shule huishia hapo. Lakini fuata fedha. Ujerumani ilipochukua utawala kutoka mikononi mwa kampuni, kampuni iliwekewa malipo ya kila mwaka yatokanayo na ushuru wa pwani ileile iliyoasi. Sultani alilipwa marka milioni 4, sawa na pauni 200,000 za wakati ule, kwa kuuachia Mrima moja kwa moja. Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza nayo iliposhindwa na kutaka kuondoka, ilinunuliwa kwa pauni 250,000, na pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha hizohizo za Zanzibar. Wanahisa walifidiwa kwa mali ya pwani. Waliochomewa miji na mashamba hawakuwa na dirisha la kudai.

Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wa kampuni na haki za binadamu siku hizi umejaa sera, vyeti na ripoti za mwaka zenye picha za watoto wanaocheka. Mimi napima wajibu wa kampuni kwa jambo moja: madhara yakishatokea, fedha zinaelekea kwa nani? Kwa karne nzima na zaidi zimekuwa zikielekea kusikostahili, na kila zilipogeuzwa, hata kidogo, kuna mtu aliyezigeuza kwa nguvu.

Kongo ndiko somo hilo lilikoanza kuandikwa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliigawa sehemu kubwa ya nchi kwa kampuni za mpira, na mojawapo, iliyoitwa ABIR, ilipewa misitu ya kaskazini mwa nchi pamoja na watu waliokuwamo. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Kikishindwa, walinzi wa kampuni walikuja na bunduki. Mei 1904 mwanamume mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi hao. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimwomba akae barazani akampiga picha. Nsala amekaa akiangalia vile viungo chini mbele yake, na picha hiyo ilizungushwa Uingereza na Marekani katika mikutano ya hadhara, ikaoneshwa ukutani kwa taa za kurushia picha.

Mwingine aliyeifichua Kongo alikuwa karani wa meli. Edmund Morel alifanya kazi katika kampuni ya usafirishaji ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka Antwerp. Alipolinganisha shehena aligundua kwamba meli zilirudi kutoka Kongo zikiwa na mpira na pembe za ndovu, ila zilipokwenda zilibeba bunduki na risasi, na bidhaa za kuwalipa wenyeji hazikuonekana. Akajua pasipo kukanyaga Afrika kwamba watu wale hawalipwi. Aliacha kazi, akaanza kuandika. Mwaka 1908 Ubelgiji ililazimika kumnyang'anya mfalme wake koloni lile. Familia ya Nsala haikupata kitu.

Miaka hiyohiyo kampuni moja ya chokoleti ilikutana na swali jipya kabisa. Cadbury wa Birmingham walikuwa watu wa dini, Wakweka, waliojenga nyumba nzuri kwa wafanyakazi wao na kupinga utumwa kwa dhati. Lakini sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, chini ya Ureno. Tangu 1901 William Cadbury alisikia kwamba vibarua wa visiwa hivyo walichukuliwa kwa nguvu bara, Angola, wakatiwa kwenye mikataba ya miaka mitano, na hawakurudi kwao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Cadbury hakujifanya kiziwi. Alikwenda Lisbon kuuliza, na mwaka 1905 akamtuma mtu wake, Joseph Burtt, akae visiwani na Angola aone mwenyewe. Burtt alithibitisha. Hata hivyo kampuni iliendelea kununua kakao ileile hadi Machi 1909, ikisema inafanya mazungumzo.

Gazeti la Standard likawaandika kwa ukali, nao wakalishtaki kwa kuwachafulia jina. Kesi ilisikilizwa Birmingham, nyumbani kwao, mwishoni mwa 1909. Baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba gazeti limewakosea, kisha likawapa fidia ya farthingi moja, robo ya peni. Sijaona hukumu nyingine iliyosema mengi kwa fedha kidogo namna hiyo. Kisheria Cadbury walishinda. Kimaadili waliambiwa kwamba anayejua mali imetokana na jasho la mtumwa, akaendelea kuinunua miaka minane, ameshiriki, ijapokuwa hakumchapa mtu kiboko.

Baada ya hapo vita viwili vya dunia vilipita. Wakuu wa kampuni za Kijerumani za IG Farben na Krupp walishtakiwa Nuremberg kwa kutumikisha wafungwa viwandani, baadhi yao wakafungwa, na ndani ya miaka michache wengi wakaachiwa. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu likatangazwa, likilenga zaidi serikali. Kampuni zilibaki kando. Miaka ya 1970 nchi zilizopata uhuru karibuni ziliutaka Umoja wa Mataifa utunge kanuni za kuyabana makampuni ya kimataifa. Nchi tajiri zikajibu kwa miongozo ya jumuiya yao, OECD, mwaka 1976, isiyomlazimisha mtu. Kanuni zile za Umoja wa Mataifa zilijadiliwa mpaka zikafia mezani.

Kilichobadilisha mambo ni vifo. Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha Union Carbide huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Mwaka 1989 kampuni ililipa dola milioni 470, na mpaka leo wahanga wanasema fedha hizo ni kidogo mno ukizigawa kwa idadi yao. Kisha ikaja Ogoni, nchini Nigeria. Watu wa delta ya Niger walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu mafuta yaliyomwagika kwenye mashamba na vijito vyao. Mwandishi Ken Saro-Wiwa aliwaongoza. Novemba 10, 1995, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga pamoja na wenzake wanane. Familia zao ziliishtaki Shell, kampuni iliyochimba mafuta hayo, huko Marekani kwa madai kwamba ilishirikiana na utawala ule. Shell ilikana siku zote, na mwaka 2009 ililipa dola milioni 15.5 kumaliza kesi pasipo kukiri kosa.

Kuna tukio moja ambalo msomaji wa Kiswahili anapaswa kulijua vizuri kuliko hayo yote, na wachache wanalijua. Kilwa ninayoisema hapa ni mji mdogo wa wavuvi ufukweni mwa Ziwa Mweru, Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Shaba na fedha za mgodi wa Dikulushi, uliokuwa wa kampuni ya Anvil Mining, zilipita hapo kuvuka ziwa. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi wenye silaha duni kiliingia mjini. Jeshi la Kongo likaja kuukomboa mji, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakakuta kwamba watu wasiopungua 73 wameuawa, wengine baada ya kukamatwa. Wanajeshi wale walisafirishwa kwa magari ya mgodi na kwa ndege iliyokodiwa na mgodi. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua magari kwa amri, na haikuwa na la kufanya.

Fuata tena njia ya haki. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru wanajeshi kwa mauaji hayo pamoja na wafanyakazi watatu wa kampuni walioshtakiwa. Waathirika wakaenda Kanada, ambako kampuni ilikuwa na ofisi. Jaji wa Quebec alikubali kusikiliza, mahakama ya rufaa ikakataa, na mwaka 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada haikutaka hata kuipokea rufaa. Hatimaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitia hatiani serikali ya Kongo, na mwaka 2017 uamuzi wake ukatangazwa: waathirika wanane na familia zao walipwe dola milioni 2.5. Tume ile haikuwa na uwezo wa kuihukumu kampuni, kwa kuwa mkataba wake unazifunga serikali. Kampuni ilivuka mahakama za mabara mawili bila kuhukumiwa chochote.

Hilo ndilo pengo ambalo John Ruggie, profesa wa Harvard, alipewa kazi ya kuliziba. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimteua mwaka 2005, baada ya rasimu ya kanuni kali zaidi kukataliwa na serikali na wafanyabiashara mwaka 2004. Ruggie alizunguka mabara akikaa na wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na wanavijiji. Juni 16, 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kwa kauli moja Kanuni Elekezi 31 alizoziandika. Msingi wake ni huu: dola ina wajibu wa kuwalinda watu, kampuni ina dhamana ya kuheshimu haki zao hata pale serikali ya nchi inapolala, na aliyedhurika apate njia ya kufidiwa.

Kwa vitendo, kampuni inatakiwa ijue kabla ya kuambiwa. Kabla haijachimba, kupanda au kununua, ichunguze nani ataumia. Ikiona hatari iizuie, ifuatilie kama imezuilika, iseme hadharani ilichokuta, na penye madhara ilipe. Tena haiishii kwenye geti lake. Inaulizwa kuhusu mkandarasi wa ulinzi aliyewekwa shambani, kuhusu wakala anayeleta vibarua, kuhusu kiwanda cha mbali kinachoshona nguo zenye nembo yake. Hayo yote ni mazuri. Udhaifu wake unajulikana pia: Kanuni hizo si sheria. Hakuna mahakama inayomfunga mtu kwa kuzivunja.

Miaka miwili haikupita kabla hazijapimwa. Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana kwenye kuta za Rana Plaza, jengo la ghorofa nane huko Savar, nje ya Dhaka. Benki iliyokuwa humo iliwatoa wafanyakazi wake. Washonaji wa nguo, wengi wao wasichana, waliamriwa warudi kazini kesho yake asubuhi, na jengo likawaangukia. Walikufa zaidi ya 1,100. Baadhi ya viwanda vya jengo hilo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya, vikapita. Mwezi mmoja haujaisha, vyama vya wafanyakazi vikayafanya makampuni ya mavazi yasaini Mkataba wa usalama wa majengo ambao ulikuwa wa kisheria: kampuni iliyokiuka iliweza kupelekwa kwenye usuluhishi wenye nguvu ya hukumu. Mamia ya kampuni zilisaini, viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa na wahandisi, milango ya dharura ikawekwa. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi bora tulio nao kwamba saini inayoweza kufikishwa mbele ya hakimu inaokoa roho nyingi kuliko ahadi elfu.

Kwetu Afrika Mashariki mlango uliofunguka ulikuwa wa London. Nyamongo, wilayani Tarime, wanakijiji walikuwa wakiingia mgodi wa North Mara kuokota mawe ya dhahabu kwenye vifusi, na polisi waliolinda mgodi kwa makubaliano na kampuni waliwapiga risasi. Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa siku moja. Kesi ilifunguliwa Uingereza mwaka 2013, na mwaka 2015 kampuni ikamaliza nje ya mahakama. Vifo na malalamiko havikuishia hapo.

Wengine walifungiwa mlango huohuo. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Unilever, Kericho, walishambuliwa na kuuawa majumbani mwao katika fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waliobaki walidai kwamba kampuni mama ilijua hatari na haikuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwaambia kwamba kampuni tanzu ya Kenya ndiyo iliyojipangia mambo ya usalama, hivyo ya London haihusiki. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo iliwakubalia wanavijiji wa Zambia waliochafuliwa maji na mgodi wa shaba wa Nchanga waishtaki Vedanta, kampuni mama, London. Tofauti kubwa ilikuwa kile kilichoandikwa kwenye nyaraka za kampuni yenyewe: Vedanta ilikuwa imejigamba hadharani kwamba inasimamia mazingira ya migodi yake yote. Ripoti iliyotengenezwa kuwapendeza wawekezaji ikawa ushahidi wa mwanakijiji.

Hapo tena soko likasaidia mahakama. Oktoba 2020 tuhuma nzito dhidi ya walinzi wa shamba la Kakuzi, Murang'a, zilichapishwa London, zikiwamo za kupigwa na kubakwa. Tesco ikasimamisha ununuzi wa maparachichi yake. Februari 2021, Camellia, kampuni ya Uingereza yenye hisa nyingi Kakuzi, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai hayo. Miezi minne tu tangu duka lifunge mkono. Linganisha na miaka kumi na mitatu ya Kilwa.

Ulaya ikaanza kuandika sheria. Ufaransa ilitangulia mwaka 2017, ikizilazimu kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 5,000 nchini humo kupanga na kutekeleza kinga dhidi ya madhara hadi kwa wauzaji wao. Ujerumani ikafuata, sheria yake ikianza Januari 2023. Umoja wa Ulaya ukapitisha yake mwaka 2024, kisha mwaka 2025, kwa shinikizo la wafanyabiashara, ukaanza kuiahirisha na kuipunguza makali. Sheria ya Ufaransa ilijaribiwa na mashirika ya kiraia kwa ajili ya wakulima wa Uganda walioathiriwa na miradi ya mafuta ya Total, kampuni ya Kifaransa, likiwamo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Wakulima walilalamikia kuzuiwa kutumia ardhi yao huku fidia ikichelewa. Kesi ilifunguliwa 2019. Februari 2023 hakimu wa Paris akaitupa kwa sababu za utaratibu, bila kugusa malalamiko yenyewe.

Ndiyo maana sipendi wajibu huu tuuachie Paris na London pekee. Mombasa ilionesha kwamba tunaweza wenyewe, ila kwa gharama kubwa mno. Kijiji cha Owino Uhuru kimepakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari kupata madini ya risasi. Moshi ulishuka kwenye mabati, mvua ikausukuma kwenye ndoo za maji, na maji taka yalipita mlangoni mwa nyumba ambamo watoto wanatambaa. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikakuta risasi mwilini mwake. Akawatafutia vipimo watoto wengine wa kijiji, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kampuni pamoja na taasisi za serikali zilizokitolea vibali na kufumba macho. Serikali ikakata rufaa, hukumu ikatenguliwa kwa sehemu mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Katika miaka hiyo yote watu wa Owino Uhuru waliendelea kufa na kuzika.

Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa kuhusu biashara na haki za binadamu, Uganda ilizindua wake 2021. Mipango haitoshi. Nawaomba wabunge wetu wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa watunge sheria inayomlazimisha mwenye mgodi, shamba au kiwanda aweke dhamana ya fedha benki kabla hajapewa leseni, ili aliyedhurika alipwe kutoka hapo hata kampuni ikifilisika au ikibadili jina. Na wewe msomaji, kampuni ikija kijijini kwenu na karatasi ya kusaini, dai nakala, iwe kwa Kiswahili, itaje nani atalipa, kiasi gani na kwa muda gani. Ikikataa kuitoa, msisaini.